Sindano Haichagui Mkono



Hapa kwetu Cibitoke, mvulana akiketi mbele ya cherehani watu humwita fundi. Lakini akishika sindano ya mkono akatarizi ua juu ya kitambaa, wenzake humcheka na kumwita dada. Mwenzetu mmoja alichekwa hivyo, akaziweka nyuzi zake kando, na kitambaa alichokuwa akimtengenezea mama yake kikabaki nusu. Mimi naona kicheko hicho ni cha ujinga. Yafaa kazi ya kutarizi, ambayo wengi wetu twaiita broderi, wavulana na wasichana wafundishwe pamoja.

Desturi ya kuwaachia wanawake sindano haikushuka kutoka mbinguni. Tangu 1946 hata 1960, mji wetu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, Wabelgiji waliendesha Foyer Social, nyumba ya mafunzo ya wanawake wa Kiafrika. Humo walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma na kupiga pasi, ndizo kazi za mke nyumbani. Kwingineko Afrika mambo ni mengine. Kule Lamu wanaume nao hushona kofia kwa mkono, na kanzu kubwa za Wahausa wa Nijeria zimetariziwa na mafundi wanaume tangu zamani. Je, hao si wanaume?

Wengine husema kazi hii ni ngumu. Sivyo, mwanzo wake ni mishono mitano tu. Wa kwanza ni bandi: sindano huingia na kutoka kwa hatua zilizo sawa. Ukipitisha uzi wa rangi nyingine chini ya kila hatua, bila kutoboa nguo, bandi hugeuka mfano wa kamba. Wa pili ni wa kurudi nyuma: kila hatua hurudi kukutana na iliyoitangulia, ukapata mstari usiokatika, nao wafaa kuandikia majina. Wa tatu ni mnyororo: uzi hufanya kitanzi, na sindano hutokea ndani yake. Kitanzi kimoja kikifungwa peke yake huwa jani. Vitano vikizunguka huwa ua. Wa nne ni msalaba: mishazari miwili hupitana, nayo ya juu yote sharti ielekee upande mmoja. Wa tano ni wa tundu la kifungo, uuzuiao ukingo wa nguo usifumuke. Uzi ukizungushwa vivyo hivyo kwenye vitundu vidogo, ndiyo njia ya kupata mapambo kama yale ya kofia za pwani.

Uzi usizidi urefu wa mkono, maana mrefu hujisokota. Tena geuza kitambaa utazame nyuma yake, kwani huko ndiko uvivu hujificha.

Najua yupo atakayeuliza: “Ya nini haya yote, na mashini hutarizi upesi?” Ni kweli, mashini hutushinda mbio. Lakini shati likipasuka njiani mashini haimo mfukoni, na sindano imo. Aliyejua mshono wa kurudi nyuma hangoji dada yake arudi nyumbani ndipo avae. Tena kazi hii hufundisha subira, na subira haina mwanamume wala mwanamke.

Basi naomba shule itutengee saa moja kila juma, na kila mwanafunzi awe na kipande cha kitambaa chenye mistari mitano, mmoja kwa kila mshono. Gharama yake ni sindano na nyuzi kidogo.

Nawe mwenzetu uliyechekwa, kitambaa cha mama bado chakungoja. Kimalize. Wazee walisema: kazi mbi si mchezo mwema. Sasa kazi njema iachwe kwa sababu ya mchezo wa kucheka watu?

Mwanafunzi mwenzenu,
Cibitoke