"Froward": Mutu Mwenye Kupa Mugongo



Vijana wanaojifunza Kiingereza wanapenda kusoma ile Biblia ya zamani, ya mufalme James, iliyochapwa mwaka 1611. Humo wanakuta neno "froward", na kwa haraka wanalisoma "forward", ni kusema "mbele". Angalieni herufi vizuri! Maana yao haifanani hata kidogo. "Froward" ni mukaidi, mutu wa kichwa nguvu, asiyekubali kuongozwa.

Neno hilo liliungwa na vipande viwili. "Fro" ilitoka katika luga ya watu wa Skandinavia walioingia Uingereza katika miaka ya 800 na kukaa kule. Maana yake "kutoka, mbali na". "Ward" ni Kiingereza chenyewe: "kuelekea upande fulani". Basi, "froward" ni yule anayeelekea mbali nawe, anakupa mugongo. Kinyume chake kilikuwa "toward", mwenye kukuelekea. Zamani Waingereza walimwita hivyo mutoto musikivu. Leo "froward" haisemwi tena, na Biblia mpya za Kiingereza zinatumia maneno mengine.

Sasa fungua Mezali 22. Mustari wa 5 unaonya kwamba katika njia ya mutu wa namna hiyo kuna miiba na mitego. Mustari wa 6, palepale, unawaambia wazazi wamulee mutoto katika njia inayomufaa.

Wazazi, mara ngapi tunasema: "Huyu mutoto iko kichwa nguvu, alizaliwa hivi!" Hapana. Neno hili halisemi namna mutoto alivyoumbwa. Linasema anaelekea wapi. Mwenye kupa mugongo anaweza kugeuka, kama kuko mutu anayemwita kwa upole na kumungojea.

Tena, katika 1 Petro 2:18, Biblia hiyo inaita "froward" mabwana wa kazi, si watoto. Kumbe hata wakubwa wanapa mugongo! Baba anayepitisha mushahara wote kwenye pombe, mama asiyesikiliza binti yake, uso wao uko wapi?

Nanyi vijana, kutubu njo kugeuka. Usingoje miiba ikuchome kwanza. Geuka leo, utakuta Baba wa mbinguni anakuelekea.