Bukavu: Gari ndogo ya okazioni, injini gani itapanda milima?

Tangu benki za biashara zifunge milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mwenye kununua gari ya okazioni analipa dola mkononi, mara nyingi akiba ya miaka mingi ya familia nzima. Injini ikikufa baada ya miezi mitatu, hakuna mkopo wa kumsaidia kuanza tena. Ndiyo maana kuchagua injini si jambo la makanika peke yake.

Wanunuzi wengi wanakimbilia injini ya lita 1 yenye silinda 3, ile ya Toyota Passo na ya Vitz nyingi zilizotoka kuanzia 2005. Hesabu yao ni rahisi: injini ndogo, mafuta kidogo. Katika mji wa tambarare hesabu hiyo ni kweli. Lakini Bukavu ni mji wa milima.

Mji uko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000. Injini hiyo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 71. Hapa zinabaki kama 60. Pakia watu watano, panda kuelekea Kadutu: dereva anakanyaga hadi chini, gia inabaki ndogo, joto linapanda. Mafuta aliyotaka kuokoa yanaishia mlimani, na injini inachoka mapema.

Toyota IST ya 2002 hadi 2007, yenye injini ya lita 1.5, ina farasi 109. Huku inabaki na zaidi ya 90. Tena ina gia otomatiki ya kawaida ya hatua 4. Baadhi ya Vitz zina gia ya CVT, inayodai mafuta yake maalum. Ikiwekewa mafuta mengine inaharibika, na kuitengeneza ni gharama kubwa.

Hiyo haina maana kwamba injini ya lita 1 ni mbaya. Inatumia cheni, si mkanda wa mpira, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inadumu. Inamfaa mtu anayeenda kazini peke yake. Haimfai mwenye kutafuta mkate kwa teksi.

Na kwa gari yenye karibu miaka 20, matunzo yanapita ukubwa wa injini. Fika asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha kuwashwa, uliza sababu. Angalia moshi. Fungua rejeta kabla ya joto: ukiona mafuta ndani ya maji, ondoka. Mwisho, ijaribu mlimani na watu ndani. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.