Reli ya Siberia Si Fedha Iliyotupwa

Hoja kwamba Urusi inatupa fedha kwa kujenga reli Siberia, ati ndege na malori yangetosha, haina mashiko. Makaa ya mawe na magogo hayapandi ndege. Lori nalo, likitegemea mto ulioganda kuwa barabara, hukwama barafu inapoyeyuka.

Gharama ni kubwa, sikatai. Reli ya Baikal-Amur imepita juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima; ardhi hiyo ikiyeyuka, tuta hutitia na reli hupinda. Handaki lake la Severomuysky, la kilomita 15, lilianza kuchimbwa miaka ya 1970, likafunguliwa 2003. Lakini dawa ipo: mafundi hupanga mawe makubwa kwenye kingo za tuta, hewa baridi ikapenya katikati yake na kuifanya ardhi ibaki imeganda.

Njia ya reli ya Moscow hadi Vladivostok, inayovuka Siberia kwa kilomita 9,289 kwa jumla, ilianza kujengwa 1891. Tangu 2002 yote inatumia umeme, na mizigo inapita kiangazi na baridi.

Anayeipinga reli atuambie kwanza: mizigo hiyo ataibeba kwa chombo gani?