Tukienda Egerton, tuulize pia waliobeba mawe

Vijana wenzangu, tukifika kasri la Lord Egerton kule Njoro, mbio ni bustanini kupiga selfi. Kisha tunadai kile kisa cha mapenzi: inasimuliwa kuwa binti aliifananisha nyumba yake ya kwanza na kibanda cha kuku, bwana akajenga jumba la vyumba 52, akakataliwa tena, akapiga marufuku wanawake kukanyaga hapo. Kisa kitamu, sikatai. Hata mimi nimekiposti.

Lakini ujenzi ulianza 1938 ukakamilika 1954. Miaka 16 bana! Mawe yale hayakujipanga yenyewe. Safari ijayo, kabla hujatoa simu, muulize anayewatembeza: waliojenga waliitwa nani, walilala wapi, walilipwa pesa ngapi?