KONA YA FAMILIA: Wazee wawili, miaka 162



Kwenye foleni ya mgao tunawasikia wazee wetu wakisema: "Sie kazi yetu imekwisha, tunangojea tu." Basi mwezi huu tuwasimulie habari ya mzee mmoja aliyekuwa mkimbizi kama sisi.

Viktor Korchnoi alizaliwa mwaka 1931 huko Leningrad, Urusi. Utotoni aliona njaa ya mji huo ulipozingirwa vitani, na baba yake akamfia. Kazi yake ilikuwa sataranji, ule mchezo wa ubao wenye vyumba 64. Kila mchezaji ana kete 16, na mfalme wako akishambuliwa akakosa njia yoyote ya kuokoka, umeshindwa. Mwaka 1976, akiwa mashindanoni Uholanzi, aliomba hifadhi asirudi tena. Mke na mtoto wake walibaki nyuma. Mtoto akafungwa kwa kukataa jeshi, na ruhusa ya kutoka waliipata mwaka 1982. Sisi tunajua miaka ya namna hiyo ilivyo mirefu.

Lakini mzee hakuacha ubao. Mwaka 2014, kule Leipzig, Ujerumani, alikutana na Wolfgang Uhlmann, bingwa mwenzake wa siku nyingi. Korchnoi alikuwa na miaka 83, tena juu ya kiti cha magurudumu. Uhlmann alikuwa na 79. Jumlisheni wenyewe! Wala haikuwa ya kupitisha jua: saa iko mezani, na kila mmoja dakika zake zinahesabiwa. Walicheza mara mbili, Korchnoi akashinda zote.

Je, Uhlmann alikata tamaa? Hata kidogo. Mwaka 2015 walirudiana Zurich, Uswisi, michezo minne ya haraka. Hakuna uliokwisha sare: kila mmoja alishinda miwili. Korchnoi alifariki mwaka uliofuata, na Uhlmann mwaka 2020.

Ndugu zetu, ukikimbia unaacha nyumba, shamba na ng'ombe. Yaliyo kichwani unavuka nayo mpaka. Babu anajua bao, dama, hadithi, kusuka mkeka, dawa za mifugo. Nani anamwuliza?

Vijana, jioni hii chukueni kipande cha katoni, mchore ubao kwa mkaa, mwokote vizibo vya soda viwe kete za dama, kisha mwiteni babu au bibi. Na msimwachie ashinde kwa huruma. Mchezeni kwelikweli, hiyo nayo ni heshima.

Tuonane mwezi ujao.