Vinkristini Isitiwe Tena Kwenye Bomba la Sindano

Hospitali yoyote inayotibu saratani ambayo hadi leo inavuta vinkristini kwenye bomba la sindano na kuipeleka wodini imeamua kuwaacha wagonjwa wake katika hatari ya kifo kinachozuilika. Hatuna maneno mepesi zaidi ya hayo.

Dawa yenyewe haina kesi. Inatokana na mmea wa maua wenye asili ya Madagaska, unaopandwa kama pambo mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1963. Watoto wenye saratani ya damu, saratani ya figo, na ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, wanatibiwa kwayo hadi leo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayemshauri mzazi aikimbie anamdhulumu mtoto.

Lakini ni dawa ya mshipani tu. Ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo, huua. Vinkristini huishambulia saratani kwa kuvuruga nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya seli, ambazo bila hizo seli haiwezi kugawanyika. Neva nazo huzihitaji nyuzi hizohizo kusafirishia mahitaji yake, ndiyo maana hata dozi sahihi, iliyopita njia sahihi, huacha ganzi vidoleni. Ikimiminwa mgongoni hukutana na neva ana kwa ana. Mgonjwa hupooza kuanzia miguuni kwenda juu, mpaka pumzi inashindwa. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Walionusurika duniani ni wachache mno, na wengi wao wamebaki na ulemavu.

Kosa hili halihitaji mganga mlevi wala mzembe. Mtoto mwenye saratani ya damu au ya Burkitt huweza kupangiwa siku moja vinkristini ya mshipani na methotrekseti ya uti wa mgongo. Mabomba mawili yakiwekwa kwenye trei moja, mbele ya daktari mgeni wodini na foleni iliyojaa, kinachobaki kumlinda mtoto ni lebo peke yake. Nottingham, Uingereza, mwaka 2001, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiendelea vizuri na matibabu alichomwa vinkristini mgongoni, akafariki wiki chache baadaye. Daktari mmoja alifungwa mwaka 2003. Uchunguzi ulionyesha mlolongo wa kasoro za mfumo mzima, na sisi tunaona hapo ndipo penye hukumu ya kweli: mfumo unaotegemea macho ya mtu mmoja aliyechoka umeshashindwa kabla hajashika sindano.

Mwaka 2007, baada ya kifo kama hicho Hong Kong, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote: vinkristini ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu, si kwenye bomba. Mfuko wa mililita 50 hakuna atakayeudhania kuwa ni sindano ya mgongoni. Kinachohitajika ni maji ya chumvi, mpira wa dripu na mfamasia mwenye msimamo. Hakuna mashine ya mamilioni hapo.

Wapo wauguzi wanaohofia kwamba dripu inaweza kuvuja nje ya mshipa, na vinkristini ikivuja huunguza nyama. Hofu hiyo ni ya haki, na jawabu lake ni muuguzi kukaa kando ya kitanda kwa dakika zile chache, ahakikishe damu inarudi kwenye mpira kabla ya kufungulia, na asiondoke. Kama wodi haina muuguzi wa kukaa dakika kumi, basi hilo ndilo la kumpigia waziri kelele. Lisigeuzwe kisingizio cha kurudi kwenye bomba.

Tunazitaka wizara za afya za Afrika Mashariki ziandike amri, si mwongozo: vinkristini itoke famasi ikiwa ndani ya mfuko, dawa za mgongoni zitolewe mahali pengine au siku nyingine, na hospitali itakayokiuka ijieleze kwa maandishi kabla ya madhara kutokea, si baada ya mazishi.

Wazazi nao wana haki ya kuambiwa mapema. Mtoto anayetumia dawa hii anaweza kufunga choo hadi tumbo liume, kulalamika maumivu ya taya, kuanza kujikwaa kwa sababu nyayo hazinyanyuki, au kope zake kulegea. Si uchawi, na si jambo la kuvumilia kimya hadi kliniki ijayo. Daktari akijua mapema, anaweza kupunguza dozi. Mwambieni pia kama mtoto anatumia dawa za fangasi au za VVU, kwani baadhi yake huongeza makali ya vinkristini mwilini.

Na siku ya matibabu, kabla dawa haijaingia, mzazi aulize kwa sauti: hii ni dawa gani, na inaingilia wapi? Mhudumu anayekasirishwa na swali hilo asiruhusiwe kuitoa dawa hii.