Utafiti wa Amani Usiofika Malampaka

Katikati ya mwaka 2025, msimu wa kununua pamba ukiwa umekwisha kufunguliwa, nilifika Malampaka, wilayani Maswa, nikiwa na mkoba uliobeba ripoti tatu za kitafiti kuhusu amani na usalama katika ukanda wa Maziwa Makuu. Nilikuwa nimezikusanya kwenye warsha ya siku mbili, katika hoteli moja yenye viyoyozi vikali, ambako wasomi na maofisa tulikubaliana kwa Kiingereza fasaha kwamba wananchi ndio kitovu cha usalama. Mjomba wangu, ambaye mwaka 1979 aliingia Uganda na mgambo na kurudi na kovu begani, alizipima ripoti zile mkononi kama anayepima kilo za pamba, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hao vijana wetu waliotolewa Kongo, wametoka kwa sababu kazi imekwisha au kwa sababu imeshindikana?"

Nilizipekua zote tatu. Yalikuwamo maneno mengi kuhusu uratibu wa kikanda na uimarishaji wa uwezo wa taasisi. Jibu la swali la mjomba halikuwamo.

Swali lile si la udadisi wa kijiweni. Desemba 2023, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilianza kupeleka majeshi mashariki mwa Kongo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu zilizotoa askari, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam, na tarehe 13 Machi SADC ikaufuta ujumbe huo wa kijeshi. Mwishoni mwa Aprili misafara ya kwanza ilivuka ardhi ya Rwanda kuja Chato, kwetu huku Kanda ya Ziwa. Kwa maneno mengine, sura ya mwisho ya operesheni ile ilipita mbele ya nyumba za Wasukuma na Wasubi, na wananchi wakaachwa waitafsiri wenyewe kwa kuyatazama malori.

Hoja yangu ni hii, na ninaielekeza kwanza kwa wenzangu wa vyuoni kabla sijaielekeza kwa Serikali. Utafiti wa sera za amani na usalama unaofanywa nchini mwetu umejengwa juu ya dhana kwamba vita ni jambo la mipakani na mezani, na kwamba kijiji ni mahali pa kukusanyia madodoso tu. Historia ya Malampaka inaikanusha dhana hiyo kwa ushahidi ambao hatuhitaji kuusafiria mbali.

Nduli Idi Amin alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi letu, lililovimbishwa haraka kwa maelfu ya mgambo kutoka mikoani, liliingia Kampala Aprili 1979. Hayo yamo katika kila kitabu cha shule. Kisichofundishwa ni kilichofuata huku nyuma. Wazee wa Maswa na Bariadi, wakati huo wilaya zote mbili zikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, wanasimulia kwamba baada ya vita ujambazi wa ng'ombe ulibadilika sura. Zamani mwizi alikuja usiku na fimbo na mishale, akijua kwamba mwenye ng'ombe naye anayo mishale. Sasa alikuja na bunduki. Uchumi ulikuwa hoi, bidhaa zilikuwa haba, polisi walikuwa wachache na mbali, na si wote walikuwa safi. Boma la mtu lililojaa ng'ombe jioni lilikuwa tupu asubuhi, na kwa Msukuma ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule na ni heshima ya jina.

Ndipo, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 huko Kahama, likazuka sungusungu na kuenea Usukuma na Unyamwezi kama moto wa kiangazi. Hawakungoja mradi. Walitambua tatizo, wakajiwekea viongozi wao na kiapo, wakalifufua lile yowe la zamani ambalo Wasukuma huliita mwano, wakaamua kwamba asiyeitikia atalipa faini. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo na kulipa baraka huku baadhi ya wanasheria wakikuna vichwa, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili vikundi hivyo vipate nafasi katika sheria za nchi. Ray Abrahams wa Cambridge alikuwa amekwisha kuandika makala juu yao mwaka 1987, kwa Kiingereza, katika jarida la kitaaluma la Uingereza. Kwa hiyo wanafunzi wangu, tena wengine wao wajukuu wa watemi wa sungusungu, humsoma babu yao kwa lugha ya tatu.

Sitaki kuwapamba. Sungusungu walipiga watu hadi kuwavunja, walihukumu bila kusikiliza, na katika baadhi ya vijiji hasira yao iliwageukia vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wanawake ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe na si kwa jambo lingine lolote. Kina mama wale hawakufia vitani Uganda, wala majina yao hayamo katika mnara wowote wa mashujaa. Lakini mtafiti mwaminifu angewahesabu katika gharama ya kipindi kile, kwa sababu dola lililochoshwa na vita lilikabidhi ulinzi kwa watu wenye hofu, na hofu ikatafuta wa kumwadhibu. Hapa ndipo penye somo la sera ambalo ripoti zangu tatu hazikuligusa: vita vikimalizika huko, vinakuja kuishi na mtu huku.

Afrika Mashariki imewahi kulikubali jambo hili kwa maandishi. Azimio la Nairobi la Machi 2000 na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 yanahusu silaha ndogo na nyepesi, zile zile zilizowageuza wezi wa mifugo kuwa majambazi. Tuna saini. Tunachokosa ni mazoea ya kumwuliza mfugaji ni silaha ipi anaiogopa mwaka huu na inapita njia gani.

Tuje kwa wafu. Tarehe 7 Desemba 2017, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu Kaskazini. Walikuwa katika kikosi maalumu kilichoanzishwa kwa Azimio 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013. Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi chini ya Dmitry Titov, na mwaka uliofuata ukatangaza kwamba dalili zote zinawaelekea waasi wa ADF, na kwamba ujumbe wenyewe haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaokoa askari wake waliozingirwa. Palikuwa na kasoro za uongozi na amri, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Hayo ni mambo mazito. Yalitangazwa New York. Je, mama wa kijana aliyelala Semuliki hastahili kuyasoma kwa Kiswahili, yakiwa na mhuri wa Serikali yake na maelezo ya nini kilirekebishwa kabla ya kijana mwingine kupelekwa?

Nitaambiwa, kama nilivyoambiwa na ofisa mmoja muungwana kwenye warsha ile, kwamba mambo ya ulinzi yana siri zake. Nakubali. Siombi ramani za kambi wala idadi ya mizinga. Ila siri ya kijeshi ina umri. Operesheni iliyokwisha kufutwa hadharani, kwa tamko la wakuu wa nchi, haiwezi kudai usiri ule ule wa operesheni inayoendelea. Adui anajua fika kilichotokea, maana alikuwepo. Anayefichwa ni mlipakodi.

Kuna pengo la kikatiba hapa ambalo wanafunzi wa sheria wangelitafuna kwa faida. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, lakini inataka nakala ya tangazo ifike kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kulitafakari. Ulinzi wa amani hauitwi vita. Kijana anaweza kufa Kongo kwa risasi ya vita katika shughuli ambayo, kwa jina lake tu, imeikwepa ibara hiyo. Na Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sioni suala muhimu kuliko mahali alipo mwanao na sababu ya kuwa huko.

Kisha kuna kichekesho cha lugha. Agosti 2019, Dar es Salaam, SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na sote tulipiga vigelegele. Miaka minne baadaye SADC hiyo hiyo ikapeleka askari wake Kivu, ambako mama muuza ndizi anazungumza Kiswahili na mlinzi wake Mtanzania anazungumza Kiswahili. Tafiti za kuieleza operesheni hiyo, kwa wingi wake, zimeandikwa kwa lugha ambayo wote wawili hawaitumii wanapoogopa. Tunaibidhaisha lugha yetu duniani, na tukifika kwenye jambo la kufa na kupona tunaiweka kando.

Ninachodai si kikubwa. Kila ujumbe wa kijeshi wa Tanzania ukifungwa, Wizara ya Ulinzi iwasilishe Bungeni, ndani ya mwaka mmoja na kwa Kiswahili, taarifa ya wazi: tulikwenda kufanya nini, kimefanyika kipi, wamekufa wangapi, familia zao zimetendewaje, na askari waliorudi wanaishije. Vyuo navyo, kikiwamo changu, visipokee kazi yoyote ya utafiti wa usalama ambayo masharti yake hayaruhusu muhtasari wa Kiswahili kurudi kule takwimu zilikochukuliwa. Najua tutapoteza baadhi ya fedha. Nimeshakaa kwenye vikao vya bajeti vya idara, nafahamu ninachokisema na nani atanuna.

Ripoti moja kati ya zile tatu nimeiacha Malampaka. Mjomba aliiomba, akasema karatasi yake ni nzuri. Nimeanza kuitafsiri sura yake ya nne, inayohusu Kongo, na kando ya kila aya naandika swali ambalo angeliuliza. Hadi sasa maswali yamekuwa marefu kuliko sura.